Kipambo Kisichoomba Huruma

Katika bidhaa ambazo pwani yetu ya Afrika Mashariki ilizipeleka ng'ambo tangu zama za kale, mbili zilikuwa zikiandamana katika hesabu za wafanyabiashara: pembe za ndovu, na magamba ya ng'amba, yule kasa mwenye mgongo wa rangi ya asali iliyochanganyika na kahawia. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani yapata karne ya kwanza, ambacho wanachuoni hukiita Periplus, kinapoutaja mji wa Rhapta, soko la mwisho walilolijua upande huu wa bahari, kinavihesabu vitu hivyo viwili katika mali yake. Na miaka 1800 baadaye pembe zilikuwa zingali zikiteremka kutoka bara hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, zikivushwa hadi Unguja, na kutoka Unguja zikipakiwa katika merikebu za Bara Hindi, Ulaya na Marekani, ziende zikachongwe bangili, vitana na vipande vyeupe vya vinanda. Watu wa mbali walijipamba kwa wanyama wetu, na aghalabu hawakujua wanyama hao wametoka wapi.

Ni katika zama hizo za njaa ya pembe ndipo plastiki ilipozaliwa. Mwaka 1862 Mwingereza Alexander Parkes alionyesha London, katika maonyesho makubwa ya mataifa, vitu vidogo vidogo vya mapambo alivyovifinyanga kwa dutu mpya iliyopatikana kwa kuchanganya selulosi ya mimea na tindikali; na mwaka uliofuata wenye kiwanda kimoja cha vifaa vya biliadi huko Marekani, walipoona kuwa pembe zinaadimika na bei yake inapaa, walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayevumbua kitu cha kushika nafasi yake. Mmoja wa walioitikia mwito huo ni John Wesley Hyatt, mpiga chapa wa jimbo la New York, ambaye kufikia mwaka 1870 alikuwa amekwisha kuipata seluloidi. Na seluloidi, ambayo kwa mipira ya biliadi haikufaa sana, kwa vitana, bangili, vifungo na vibanio vya nywele ilifaa mno, maana iliweza kuigiza weupe wa pembe na madoa ya gamba la ng'amba hata mnunuzi asitambue. Wenye viwanda walijisifu kwamba sasa ndovu na kasa watapata nafuu. Basi plastiki, kabla ya kuwa ndoo, kabla ya kuwa mfuko na chupa ya maji, ilikuwa kipambo, na sifa yake ya kwanza ilikuwa kwamba kasa asife ili mwanamke abane nywele.

Yaliyofuata tunayajua, kwa kuwa tunaishi ndani yake. Mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza plastiki ya tani milioni 2 hivi; leo hutengeneza zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka, na watafiti waliohesabu plastiki yote iliyotengenezwa hadi mwaka 2015 walikuta kwamba katika ile iliyokwisha kuwa taka ni asilimia 9 tu iliyopata kurejelezwa. Kasa aliyeahidiwa nafuu huuona mfuko unaoelea akadhani ni yavuyavu, akaumeza, ukamziba matumbo. Na makinda yake, yakitoka mchangani usiku kuifuata bahari, hukuta njia imezibwa na kandambili, chupa na vipande vya nyavu.

Huko Kiunga, kaskazini ya Lamu karibu na mpaka wa Somalia, ambako pwani imekuwa hifadhi ya taifa ya bahari tangu mwaka 1979, adha hiyo ya makinda ndiyo iliyoanzisha kazi ninayotaka kuizungumza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mhifadhi wa bahari Julie Church, akiwa katika shughuli za kulinda kasa, aliwaona watoto wa kijiji wakijichongea vitu vya kuchezea kwa kandambili zilizotupwa na maji; na akina mama wakahimizwa waziokote kandambili hizo, wazioshe, wazigandishe tabaka juu ya tabaka, wazichonge na kuziuza. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Ocean Sole ya Nairobi, ambayo wachongaji wake hutoa twiga, simba na kasa wa rangi zote, wengine wadogo wa kuning'inizwa katika pete ya funguo na wengine warefu kuliko mtu. Lamu nako, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walikwenda mbali zaidi: waliziyeyusha tani 10 za taka za plastiki wakazitoa mbao na mataruma, wakaunda jahazi la mita 9, wakalivika ubavuni kandambili 30,000, na mwanzoni mwa mwaka 2019 jahazi hilo, Flipflopi, likatweka tanga kutoka Lamu hadi Unguja. Kando ya kazi hizo zenye jina ziko nyingi zisizo na jina, katika vibaraza vya Mombasa na Dar es Salaam, katika vyama vidogo vya akina mama na vijana: hereni za vizibo vya chupa, bangili, vidani vya mabaki ya kandambili, mikoba iliyofumwa kwa mifuko iliyokatwa nyuzi, pochi za pakiti za maziwa. Juu ya hizo ndogo ndipo nilipo na neno.

Rai yangu ni kwamba kipambo kilichofanywa kwa taka kihukumiwe kama kipambo, kwa mizani ileile ya uzuri, uimara na unadhifu tunayoitumia kwa kazi ya sonara na ya mshona kofia. Na kwamba huruma, ambayo leo ndiyo inayokiuza, ndiyo itakayokiua tusipoiondoa sokoni.

Ingia katika duka la vitu vya ukumbusho ambako watalii hununua, uichukue bangili moja ya plastiki iliyogeuzwa, na usome kikaratasi kinachoning'inia. Aghalabu kimeandikwa Kiingereza. Kitakueleza kwamba mwanamke aliyeifanya ana watoto wengi na mume hana au hana kazi. Kwamba pwani ilikuwa chafu. Kwamba kwa kuinunua wewe umelisha nyumba na umeiokoa bahari. Kitakachokosekana ni habari ya bangili yenyewe: ni plastiki ya namna gani, imefanywa kwa njia gani, inastahimili jua na jasho au haistahimili, na fundi huyu ni hodari wa jambo lipi linalomtofautisha na mwenzake wa mtaa wa pili. Mnunuzi hulipa, huona moyo wake umepoa, huifunga bangili katika sanduku na kuondoka. Na kwa kuwa alichonunua ni poza ya moyo, hana sababu ya kurudi kununua ya pili, wala ya kuivaa ile ya kwanza.

Huruma ina madhara mengine yaliyojificha zaidi. Anayenunua kwa huruma hatazami kasoro, na akiiona huinyamazia, akidhani kuisema ni kumvunja moyo maskini. Kwa hiyo ndoana ya hereni inayokatika siku ya tatu, ukingo unaokwaruza shingo, uzi unaofumuka, gundi iliyofura pembeni, vyote huendelea mwaka hata mwaka kwa sababu hakuna aliyerudisha kitu dukani akasema hiki hakifai. Sonara wa Mombasa au Zanzibar alifika alipofika kwa sababu mabibi waliokwenda kwake walikuwa na macho makali na ndimi kali zaidi, na kipini kilichofuliwa kombo kilirudishwa siku hiyohiyo mbele ya watu. Fauka ya hayo, huruma huiwekea bei dari: mtu hutoa sadaka kwa kadiri ya sadaka, wala hatoi kwa kadiri ya kazi, na fundi aliyetumia siku nzima kuokota, kuosha, kukata na kung'arisha hupewa kile ambacho moyo wa mpita njia umeridhika kukitoa. Na baya kuliko yote, fundi mwenyewe hulazimika kubaki maskini katika maandishi. Hata akijenga nyumba, hata akisomesha, hata akiwa na wanagenzi sita chini yake, kile kikaratasi hakimruhusu aseme kwamba mambo yamenyooka, kwani unyonge wake ndio sehemu ya bidhaa. Sijui staha gani ya kazi inayoweza kukaa pamoja na sharti la namna hiyo.

Watakaoniambia kwamba vitu hivi ni takataka tu na havistahiki mizani ya sonara, nawaomba watazame jinsi hereni moja ya vizibo inavyofanywa pale inapofanywa vizuri. Vizibo vikishaokotwa huoshwa kwa maji na sabuni, na husuguliwa kwa brashi upande wa ndani, kwa sababu ule utomvu wa soda unaokaukia katika mizunguko ya hesi ukipata moto huwa doa la hudhurungi lisilotoka tena. Hukaushwa kabisa, maana tone moja la maji likisalia hugeuka povu ndani ya bamba. Kisha hupambanuliwa, na kupambanua huku ndiko kunakomtenga fundi na mbahatishaji: vizibo vingi ni vya plastiki yenye namba 2 na vingine ni vya namba 5, na jinsi hizo mbili hazishikani, kwani ya kwanza huyeyuka karibu na nyuzi 130 na ya pili karibu na nyuzi 160, na zikilazimishwa katika kalibu moja, bamba litakalotoka litaonekana zima machoni, lakini litabanduka mara tu litakapotiwa kekee. Ama plastiki ya namba 3, ile ya mabomba, fundi mwenye akili haitii motoni kamwe, kwa kuwa ikiungua hutoa moshi wenye tindikali unaochoma mapafu. Na mbahatishaji anayeyeyushia kila kitu sufuriani, katika chumba kisicho na dirisha, hujiua polepole yeye na wanawe waliokaa karibu.

Vikishapambanuliwa jinsi na rangi, vizibo hukatwakatwa, hutandazwa katika kalibu ya chuma, hutiwa joto la kadiri na kubanwa kwa shinikizo. Hapa ndipo penye siri. Fundi akiimwaga nyeupe juu ya buluu asiikoroge, bamba hutoka lina mawimbi; akiikoroga mara mbili tatu kwa kijiti, mawimbi huwa moshi; akizidi hapo, rangi zote hufa pamoja zikawa kijivu. Bamba likipoa kwa haraka hujikunja, kwa hiyo huachwa chini ya shinikizo hadi lipoe lenyewe. Baadaye huchorwa, hukatwa kwa msumeno mwembamba, hupigwa msasa wa mkwaruzo, kisha wa wastani, kisha ule laini unaotumiwa na maji, mpaka ukingo uteleze chini ya kidole. Na mwisho hutobolewa na kutiwa ndoana, ambayo ikiwa ni ya madini ya nikeli huwawasha wengi masikio, na ikiwa ni ya fedha au ya chuma kisichoshika kutu huvaliwa kutwa kucha bila adha. Michoro ya mashine hizo za kukatakata na kubana, Mholanzi Dave Hakkens aliitoa bure tangu mwaka 2013 katika mradi aliouita Precious Plastic, na mchomelea vyuma yeyote wa Gerezani au Gikomba anaweza kuziunda. Jambo ambalo hakuna awezaye kulitoa bure ni ule mkono unaojua wakati wa kuacha kukoroga.

Na mkono huo si mgeni wa historia. Gamba la ng'amba nalo halikukatwa likiwa kavu: fundi wa kale alililainisha katika maji ya moto, akalibana katika umbo alilolitaka, akalingoja lipoe chini ya uzito, kisha akalisugua hadi likang'aa. Anayebana vizibo leo katika karakana ya Mombasa anaifanya kazi ileile, kwa hatua zilezile, kwa dutu iliyobuniwa ili ichukue nafasi ya gamba hilo. Na biashara ya magamba yenyewe, pamoja na ile ya pembe, sasa imeharamishwa na mkataba wa kimataifa uliotiwa saini mwaka 1973. Laiti kikaratasi kile kingeieleza habari hii, kingeeleza jambo lenye fahari kwa fundi na lenye manufaa kwa mnunuzi.

Wala mapambo ya pwani hayakupata kuwa ya dhahabu na fedha peke yake. Wenye uwezo walikuwa na mikufu, keekee, timbi na furungu za fedha. Lakini picha zilizopigwa Unguja na Lamu katika zama za babu zetu zinatuonyesha wanawake waliovaa kwa taadhima, masikioni mwao, miviringo ya karatasi za rangi iliyosokotwa kwa ustadi hata ikawa kama ua, na hapana aliyewahurumia. Shanga ambazo misafara ya karne ya 19 ilizichukua kutoka pwani kwenda bara zilikuwa vigae vya kioo kilichoyeyushwa Venice, vitu vya bei rahisi mno kwa waliovifanya, ambavyo katika soko la bara vilinunua chakula, pembe na njia ya kupita. Na hata hivyo haikutosha kuwa na shanga zozote, kwani msafiri aliyefika na rangi isiyopendwa katika nchi ile alirudi na mzigo wake kamili. Mwanamke wa Kimaasai alizichukua shanga hizo za kigeni akazipangia rangi kwa kanuni zake mwenyewe hata leo hakuna anayezitaja kuwa za Venice. Wadaasanach wa Bonde la Omo na kandokando ya Ziwa Turkana hufunika vichwa vyao kwa vizibo vya bati na mikanda ya saa mbovu, kwa mpango na ulinganifu unaowashangaza wapiga picha. Thamani katika mifano yote hii ilitoka kwa aliyepanga na kwa aliyevaa, na wavaaji wa kwanza walikuwa ni watu wa nyumbani.

Hapo ndipo tulipopungukiwa. Mabinti wa miji yetu, katika arusi na katika sikukuu, huvaa hereni zilizoshushwa kwa makontena kutoka China, ambazo ukizikwaruza kidogo kwa ukucha utaona kwamba chini ya rangi ya dhahabu ni plastiki tupu, plastiki mpya, iliyotengenezwa jana kwa mafuta ya petroli ili itupwe kesho. Na mabinti haohao, wakionyeshwa hereni ya vizibo yenye mawimbi ya buluu iliyofanywa na fundi wa mtaa wao, husema nzuri, lakini hiyo ni ya wazungu. Siwalaumu wao. Hereni hiyo imewekwa katika duka ambalo wao hawaingii, kwa lugha ambayo haikuwalenga, na kwa hadithi inayowaonyesha mama zao kama watu wa kusikitikiwa. Nani apendaye kuvaa masikioni tangazo la dhiki ya nyumbani kwao?

Kwamba jambo linaweza kuwa vingine, soko letu lenyewe limekwisha kuthibitisha, tena bila ya msaada wa mfadhili. Kitazame kikapu kilichosukwa kwa mikanda ya plastiki, ile inayofungia maboksi na marobota, ambacho baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019 kimeingia jikoni kwa kila tabaka. Mama anayekinunua haulizi msukaji ana watoto wangapi. Hukibonyeza kitako, huvuta mikono yake kwa nguvu zote mbele ya muuzaji, hukigeuza atazame kama mshono wa ndani umefichwa, hubishana bei, na akikikubali hukitia samaki wabichi, nyanya na mkaa, kikaoshwa kwa maji jioni, kikatumika tena asubuhi, kwa sababu mkanda hauozi kama ukili unavyooza. Nakshi zake ni zilezile za mikeka na majamvi ya bibi zetu, zimehama tu kutoka katika miyaa. Kadhalika makatambuga ya matairi: wafugaji na wachukuzi wameyavaa miaka mingi kwa kuwa mwiba haupenyi. Vitu hivyo vimeingia katika maisha kwa mlango wa mbele.

Nalitamani hilo kwa hereni na bangili, na nalitamani kwa sababu nimeona kazi chache zinazostahili. Nimeshika mkononi kidani cha vipande vya kandambili vilivyokatwa sawasawa kama sarafu, vikapangwa kutoka nyeusi hadi samawati kwa daraja ndogondogo, na katikati kipande kimoja cha waridi, ambacho kama kingalihamishwa nafasi moja tu, mpango wote ungalivunjika. Aliyekipanga alijua. Mbele ya kazi kama hiyo swali la umaskini wa fundi ni utovu wa adabu, na swali la pekee linalofaa ni bei.

Kuna jambo ambalo insafu inanilazimisha kulisema, nalo ni kwamba mapambo haya hayatasafisha bahari. Jozi moja ya hereni, tukisema ina uzito wa gramu 5, huhitaji vizibo viwili. Tani moja ya taka hutoa jozi 200,000. Mwaka 2019 kundi la waliojitolea walikwenda kusafisha kisiwa cha Aldabra katika Shelisheli, ambacho hakina wakazi ila watafiti wachache, wakaondoa tani 25 za plastiki iliyoletwa na mawimbi, kandambili zikiwa tele ndani yake, na ilikadiriwa kwamba walizoziacha nyuma zinazidi tani 500. Tani 500 ni jozi milioni 100 za hereni, kutoka kisiwa kimoja, na bahari hailali. Kesho huleta nyingine. Anayemwambia mnunuzi kwamba kwa bangili yake ameiokoa bahari anamdanganya, na anamtendea fundi dhuluma ya pili, kwa kumtwisha deni asilolikopa.

Deni hilo lina wenyewe. Ni la wanaochimba mafuta na kuyageuza plastiki, ni la wanaojaza soda na maji katika chupa wasiyotaka kuiona tena ikishauzwa, ni la wanaoagiza na la serikali zinazoruhusu. Machi 2022, hapo Nairobi, wajumbe wa mataifa 175 walikubaliana kuandika mkataba wenye nguvu ya sheria juu ya taka za plastiki. Wakakutana Busan mwishoni mwa mwaka 2024, wakakutana Geneva Agosti 2025, na mara zote mbili wakaondoka bila ya mapatano, kwa kuwa nchi zinazouza mafuta hazikukubali kuwekewa mpaka wa kiasi kitakachotengenezwa. Maadamu mambo yamesimama hapo, kila kampuni itakayochapa picha ya mama anayefuma mkoba wa taka katika matangazo yake na iulizwe kwanza imetengeneza chupa ngapi mwaka huu.

Na lau siku moja mabomba ya taka yangefungwa kweli, mapambo haya yangepungukiwa na malighafi, nami ningelifurahia hilo. Isatou Ceesay na wanawake wenzake wa kijiji cha Njau nchini Gambia walianza mwaka 1997, wakichekwa, kufuma pochi kwa mifuko ya plastiki iliyokuwa ikiua mbuzi wao. Mwaka 2015 Gambia ikaipiga marufuku mifuko hiyo, kama Rwanda ilivyofanya tangu mwaka 2008. Nchi iliyoutoa mfuko njiani imewanyang'anya wafumaji nyuzi zao, lakini haikuwanyang'anya mikono. Anayejua kufuma mfuko hujua kufuma pamba na katani, na anayejua kubana vizibo anaweza kubana pembe ya ng'ombe, ambayo nayo hulainika kwa moto na kushika umbo. Ndiyo sababu nashikilia kwamba tulinde ustadi kwanza. Taka zinapita, au tuombe zipite. Ustadi ukipotea kwa kudekezwa hauokotwi ufukoni.

Basi ningependa kuona mambo machache yakitendeka. Kila fundi aweke alama yake nyuma ya kazi, kama masonara waliotangulia walivyoweka, ili aliyependezwa amtafute na aliyeudhika amtafute. Vyuo vyetu vya ufundi, vinavyofundisha useremala na uchomeleaji, vifundishe pia kupambanua plastiki kwa namba zake na kuitia moto kwa usalama, kwani hilo ni suala la mapafu kabla ya kuwa suala la sanaa. Wenye maduka waing'oe hadithi ya dhiki, waandike kwa Kiswahili jina la fundi akiridhia, jinsi ya plastiki na madini ya ndoana. Na katika maonesho ya Sabasaba, hereni ya vizibo ikiletwa mbele ya waamuzi, iwekwe katika meza moja na kazi za wafua fedha na wachonga mpingo, itazamwe kwa kioo kilekile cha kukuzia, ivutwe, ikunjwe, ivaliwe. Ikishinda itunzwe, na ikiwa na kasoro irudishwe kwa mwenyewe, pamoja na maelezo ya kasoro hiyo yaliyoandikwa wazi, ili mwaka ujao ailete tena imetengenea.